Wajapani wananipenda au wananibagua? Jibu kwa mwanafunzi aliyeko Fukuoka

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nipo Fukuoka mwaka na nusu sasa, nasoma mwaka wa kwanza wa uzamili wa uhandisi wa maji. Tangu nifike hakuna aliyenitukana wala kunipandishia sauti. Lakini kwenye treni kiti cha pembeni yangu kinabaki kitupu huku watu wamesimama. Wenzangu wa maabara hawajanialika nyumbani hata mara moja. Kwenye kikao nilipendekeza tubadili zamu za kutumia mashine, profesa akasema 'itakuwa vigumu kidogo', na mpaka leo kimya. Mwezi uliopita dalali wa nyumba alipiga simu mbele yangu, alipokata akaniambia mwenye nyumba hapangishi wageni. Wakati huohuo kila ninayekutana naye ananisifu kwamba naongea Kijapani vizuri. Hawa watu wananipenda au wananibagua? Na nikimaliza, nibaki au nirudi nyumbani?"

Marahaba, mdogo wangu. Umetia mambo tofauti kwenye kapu moja, ndiyo maana yanakuchanganya. La nyumba ni ubaguzi, halina mjadala. La kutoalikwa si ubaguzi hata chembe. Profesa alikujibu siku ileile, ila jibu lilikupita. La kiti lina hiki na kile. Na hizo sifa za Kijapani chako, ulizozitaja kama faraja, ndizo zingenifikirisha zaidi ningekuwa wewe.

Nimeishi Osaka miaka mingi, kwanza nikisoma, kisha nikifundisha Kiswahili na kuwasindikiza vijana wa kwetu kwa madalali na kwenye ofisi za manispaa. Kwa hiyo ninayokwambia mengine nimeyaona na mengine yako kwenye kumbukumbu za wazi.

Tuanze na nyumba, maana hapo pana sheria na pana pesa. Mwaka 2017 Wizara ya Sheria ya Japani ilitoa matokeo ya uchunguzi iliowafanyia wageni wanaoishi nchini. Watu zaidi ya 4,200 walijibu. Kati ya waliokuwa wametafuta nyumba ndani ya miaka mitano iliyotangulia, asilimia 39 walisema wamewahi kukataliwa kwa sababu ni wageni. Hayo ni maneno ya serikali yenyewe, si manung'uniko ya wanafunzi waliochoka baridi. Dalali wako hakukufanyia kisirani. Amekuonyesha soko lilivyo.

Ukimbana mwenye nyumba atakutajia hofu zake: mgeni hatatenganisha taka kwa siku zake, atapiga kelele usiku, atapakia mizigo aondoke nchini na deni la kodi. Hofu hizo nimezisikia kwa masikio yangu. Zinaeleza kwa nini anakataa, lakini hazimpi haki, kwa sababu hakukuuliza hata swali moja kuhusu wewe. Kasikia utokako, basi.

Japani ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi mwaka 1995, lakini haina sheria ya jumla inayomkataza mtu binafsi kubagua. Sheria ya mwaka 2016 inahusu kauli za chuki, nayo haina adhabu. Aliyeonewa hufungua kesi ya madai, na wapo walioshinda. Mwaka 1998 mwandishi wa habari Mbrazili, Ana Bortz, alifukuzwa kwenye duka la vito mjini Hamamatsu. Mwaka uliofuata mahakama ikaamuru alipwe yeni milioni 1.5. Mwaka 2007 mahakama ya Kyoto ilimwamuru mwenye nyumba alipe fidia kwa kumkataa mpangaji Mkorea.

Kesi ya kufikirisha zaidi ni ya Otaru, kaskazini kabisa. Nyumba moja ya kuogea ilibandika tangazo la kuwakataza wasio Wajapani, ikisema mabaharia wa Kirusi wanawasumbua wateja. Mmoja wa waliozuiwa alikuwa Mmarekani aliyeishi huko na mkewe Mjapani. Akachukua uraia wa Japani, akarudi na karatasi zake mkononi, akazuiwa tena. Mwaka 2002 mahakama ya Sapporo iliamuru yeye na wenzake wawili walipwe yeni milioni moja kila mmoja. Manispaa, iliyoshtakiwa kwa kuacha mambo yaendelee hivyo, haikuonekana na hatia. Soma hapo mara mbili: mahakama itakutetea ukienda, ila serikali haitatangulia mbele yako.

Sikushauri ukimbilie mahakamani ukiwa na tasnifu ya kuandika. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa uulize kama chuo chenyewe kinaweza kukudhamini. Vyuo vingi vya taifa vina utaratibu huo, na mwenye nyumba anayeona jina la chuo kwenye mkataba hulegea. Kisha tazama nyumba za shirika la umma la UR. Hazina kile kilemba wanachotozwa wapangaji wengi kama shukrani kwa mwenye nyumba, pesa isiyorudi. Hazidai mdhamini, hazina ada ya dalali, na zinapokea wageni wenye kibali cha kukaa muda mrefu, mradi uonyeshe kipato au ulipe kodi ya miezi kadhaa mbele. Ukirudi kwa dalali wa kawaida, tangulia kumwambia kwamba utatumia kampuni ya udhamini. Gharama yake ya kuanzia mara nyingi ni kati ya nusu ya kodi ya mwezi na kodi ya mwezi mzima. Na tarehe na maneno ya yule dalali yaandike. Ofisi za sheria za mikoa zina dawati la haki za binadamu linalopokea malalamiko kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwamo. Halina nguvu ya kumlazimisha mtu, lakini uchunguzi kama ule wa 2017 haufanyiki kwenye nchi ambayo wote wamenyamaza.

Kutoalikwa nyumbani, hilo litoe moyoni. Wajapani waliofanya kazi pamoja maisha yao yote wanaweza wasijue sebule za wenzao zilivyo. Nyumba za mjini ni ndogo, safari ya kutoka kazini ni ndefu, na kumkaribisha mtu kunadai maandalizi ambayo mwenyeji anaona aibu kuyapunguza. Ukarimu wao uko mezani kwenye vilabu vya chakula na vinywaji, ambako bili hugawanywa na hata profesa hulegeza tai. Kama umekuwa ukikwepa karamu za maabara kwa kuwa hunywi pombe, acha kukwepa. Agiza chai ya baridi, kaa hadi watu waanze kuinuka. Hakuna atakayekulazimisha kunywa, na yanayosemwa pale hayasemwi maabara.

Sasa profesa. "Itakuwa vigumu kidogo" lilikuwa jibu kamili, na maana yake hapana. Wewe Mtanzania hupaswi kushangaa sana. Hujawahi kwenda ofisi ya watu ukaambiwa "tutaliangalia", ukajua hapo hapo kwamba halitaangaliwa? Au ukampa mtu kadi ya harusi akasema "Inshallah" kwa sauti fulani, nawe ukatoa jina lake kwenye hesabu ya sahani? Sisi pia hatupendi kumnyima mtu usoni. Tofauti ni kwamba kwetu unazijua dalili tangu utotoni, na pale unazisoma kwa lugha ya kigeni.

Lakini kilichokukwamisha si pendekezo lenyewe, ni mahali ulipolitolea. Kikao cha maabara ya Kijapani kwa kawaida si mahali pa kuamua. Ni mahali pa kutangaza yaliyokwisha kuamuliwa pembeni. Anayetaka kubadili jambo huzunguka kwanza kwa mtu mmoja mmoja. Huanza na mwanafunzi wa uzamivu aliyetangulia wote, maana ndiye aliyezirithi hizo zamu na pengine ndiye aliyezipanga. Humuuliza, hamshauri: zamu hizi zilianzaje, siku gani mashine inagombaniwa? Akishapata maoni yake humfuata profesa msaidizi, tena faragha. Jambo likifika kwa profesa mkuu limeshapoteza makali, kila mtu amelitia mkono, hakuna wa kuaibika. Wewe ulilitoa mbele ya wote, yule mkubwa wa wanafunzi akalisikia pamoja na wengine, na profesa akalazimika kuchagua kati ya kukukubalia na kumvunjia heshima mtu aliyemlea miaka mitano. Alichagua upole. Subiri muhula mpya, anza upya kwa mlango wa nyuma. Sikwambii utaratibu huo ni bora kuliko wa kwetu. Unachosha, na mawazo mengi mazuri hufia njiani. Ila ndio ulioko.

Nirudi kwenye sifa. Mjapani akikusifia Kijapani chako baada ya wewe kusema "asante" na "habari za asubuhi", amekupokea kama mgeni, na mgeni hana kazi ila kuburudika. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo la Japani ni kwamba siku ya tatu haifiki yenyewe. Unaweza kukaa miaka kumi ukipewa mto wa kukalia na chai ya kijani, kila mtu akitabasamu, na jembe lisije, kwa sababu wenyeji wanaamini kukupa kazi ni kukusumbua. Lazima ulidai. Omba kuingizwa kwenye zamu ya kutoa taka na kufagia. Omba kuwa mtunza mashine, yule anayeamka usiku ikiharibika. Usafi mkubwa wa Desemba ukifika, vaa glovu. Ukisafiri, rudi na kisanduku cha biskuti, kila meza kipande kimoja. Jambo dogo, lakini meza iliyorukwa hukumbuka.

Dalili kwamba umepewa jembe ni kukaripiwa. Siku yule mwanafunzi mkubwa atakapokwambia kwa uso mkavu kwamba ripoti yako imechelewa na umewachelewesha wote, usikimbie kulia chooni. Mgeni hakosolewi. Nimewaona vijana wetu wakivunjika moyo hasa pale walipoanza kuingia ndani, kwa kuwa sifa zilikoma ghafla.

Mfano upo mkoani kwako. Samuel Wanjiru, Mkenya wa Nyahururu, alikwenda Sendai mwaka 2002 akiwa kijana wa miaka 15, akaingia shule ya sekondari na timu yake ya mbio za kupokezana za barabarani, zile wanazoziita ekiden. Baadaye akajiunga na timu ya Toyota Kyushu, huko Fukuoka. Mwaka 2007 alishinda marathoni yake ya kwanza papo hapo Fukuoka, na mwaka 2008 akachukua dhahabu ya Olimpiki Beijing. Aliongea Kijapani fasaha. Miaka ya nyuma Mkenya mwenzake, Douglas Wakiihuri, alipita njia kama hiyo: alikwenda Japani mwaka 1983 kufundishwa na kocha Nakamura Kiyoshi, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma mwaka 1987. Hawa hawakukaa wakingoja kupendwa. Walikuwa na kipande cha barabara cha kukimbia, na asipokimbia mmoja timu nzima inaanguka.

Hata hivyo, kizingiti kipo hapohapo mlangoni. Kwenye mbio za Hakone, za vyuo vikuu, zinazotazamwa na taifa zima kila tarehe 2 na 3 Januari, timu inaruhusiwa kumkimbiza mgeni mmoja tu. Mmoja anashangiliwa kwa moyo wote, na wa pili hana nafasi hata awe na kasi gani. Nadhani kanuni hiyo inaieleza Japani kuliko hotuba nyingi za urafiki.

Utaniambia yote haya ni kwa sababu ya rangi yetu. Kwa sehemu ndiyo, na sitakudanganya. Lakini watazame watu wawili wenye sura za Kijapani kabisa. Wa kwanza ni mtoto wa mfanyakazi wa kampuni aliyekulia ng'ambo akarudi nyumbani kusoma. Anakuta wenzake wanamcheka kwa kusema mawazo yake moja kwa moja, na wapo wanaojifunza kuharibu makusudi matamshi yao ya Kiingereza darasani ili wasionekane wamejitenga. Wa pili ni mjukuu wa wahamiaji. Mwaka 1908 meli ya Kasato Maru ilipeleka Wajapani wa kwanza kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Brazil. Mwaka 1990 sheria ya uhamiaji ilipobadilishwa, wajukuu wao waliruhusiwa kuja kufanya kazi, wakajaa kwenye viwanda vya Hamamatsu na Oizumi, kwa matumaini kwamba damu ingetosha. Haikutosha. Walisema kwa sauti, walichoma nyama nje, hawakujua siku za taka. Uchumi ulipoyumba, mwaka 2009 serikali iliwapa yeni 300,000 kila mfanyakazi ili warudi Brazil, kwa sharti la kutorejea kwa kibali kilekile, sharti lililolegezwa baadaye. Damu ya Kijapani, jina la Kijapani, na bado walihesabiwa watu wa nje.

Hata Mjapani aliyekwenda kwetu hurudi amebadilika. Kijana mmoja aliyefundisha kwa kujitolea Iringa aliniambia kwamba wiki zake za mwanzo alikuwa akijificha chumbani kila jirani alipopiga hodi, akidhani wanakuja kumkagua. Baada ya miaka miwili karudi Tokyo, akajikuta anamsalimia kila anayekutana naye kwenye ngazi za jengo lao, mpaka mama mmoja akaanza kusubiri apite ndipo atoke. Alicheka sana akinisimulia, kisha akasema anatafuta kazi yoyote itakayomrudisha Afrika.

Kiti cha treni. Wapo wanaoogopa utawasemesha Kiingereza, wapo wanaoogopa kukubana, wapo wanaokuogopa wewe. Huwezi kujua yupi ni yupi, na Mjapani mwenye mabegi mengi au anayekohoa hutengwa vilevile. Weka begi lako mapajani, fungua kitabu. Ukimwona bibi kizee amesimama, mwonyeshe kiti kwa mkono. Wengi hukaa, wakishukuru kupita kiasi.

Kuhusu kubaki au kurudi, upepo wa sasa unavuma pande mbili, na ni vizuri uusome wote. Nchi inazeeka, watu wanapungua, na mwishoni mwa 2024 wageni wakazi walikuwa takriban milioni 3.77, yaani kama watatu katika kila mia. Kampuni zinahitaji wahandisi. Lakini Julai 2025 chama cha Sanseito, kilichopiga kampeni kwa kauli ya Wajapani kwanza, kilipata viti 14 kwenye uchaguzi wa baraza la juu. Mwezi uliofuata, wakati wa TICAD, mkutano wa Japani na Afrika, mjini Yokohama, shirika la misaada la Japani, JICA, liliutangaza mji mdogo wa Nagai, mkoani Yamagata, kuwa "mji wa nyumbani" wa Tanzania, na miji mingine mitatu ikaunganishwa na Nigeria, Ghana na Msumbiji. Ulikuwa mpango wa kutembeleana na kubadilishana utamaduni. Nagai na Tanzania walishajuana tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Uvumi ukatoka kwamba miji inagawiwa Waafrika na kuna viza maalumu, na vichwa vya habari vya huku kwetu navyo vilichochea moto. Ofisi za manispaa zikafurikwa na simu za hasira. Septemba mpango ukafutwa wote.

Pamoja na hayo, ushauri wangu ni ubaki angalau miaka michache, kama utapata kazi yenye wajibu wa kweli. Kuna mambo ya uhandisi wa maji utakayojifunza kiwandani ambayo maabara haiwezi kukupa, na mshahara wa kuanzia utakulipia deni la nyumbani. Lakini kalenda yao haisubiri. Kampuni huanza kujitangaza kwa wanafunzi Machi ya mwaka mmoja kabla ya kuhitimu, usaili rasmi hufunguliwa Juni, na kazi huanza tarehe 1 Aprili, wote kwa pamoja. Ukiwa mwaka wa kwanza wa uzamili, muda wako ni sasa. Nyingi zitataka Kijapani cha N2, ngazi ya pili kutoka juu ya mtihani wa Kijapani kwa wageni, kwa hiyo sifa za mitaani ziache, ukafanye mtihani. Ukihitimu bila kazi, unaweza kuomba kibali cha kutafuta kazi, cha miezi sita, kinachoongezwa mara moja, kwa barua ya chuo.

Kwenye usaili watakuuliza kama una maswali. Uliza wageni walioajiriwa kabla yako wanafanya nini leo hapo kazini. Wakikutajia msimamizi wa mradi mwenye watu chini yake, hata awe mmoja, tia saini mkataba. Wakikutajia mkalimani, mpiga picha wa vipeperushi na wawili walioondoka, washukuru kwa kuinama vizuri, uende usaili unaofuata.